Kontena, nyumba ya zamani au uwanja wa taasisi: kituo cha sanaa chenye bustani kikae wapi?

Kikundi cha wasanii kikianza kutafuta mahali pa kufanyia kazi, swali la kwanza huwa pango: shilingi ngapi kwa mwezi, na mwenye kiwanja anataka miezi mingapi kwa mkupuo. Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni miaka. Mkataba unawapa muda gani, na nani ana uwezo wa kuuvunja? Kwa kituo kinachotaka kuwa na bustani ya pamoja swali hili lina uzito zaidi, kwa sababu mchanga wa Dar es Salaam haugeuki kuwa udongo wa maana kwa msimu mmoja, na mwembe una ratiba yake ambayo hakuna mfadhili anayeweza kuiharakisha.

Nimeandika ulinganisho huu nikiwafikiria wachoraji, wachongaji, wapiga chapa na watu wa ngoma na maigizo wa Dar, watu kumi hadi thelathini, pamoja na majirani wanaotaka mahali pa kulima mboga. Sehemu kubwa itafaa pia Mwanza, Mombasa au Kampala, ila mvua ninazozitaja ni za huku kwetu Pwani, na sheria ni za Tanzania.

Kwa kawaida njia ni tatu. Ziko hivi zikiwekwa bega kwa bega:

| | Kiwanja kitupu na makontena | Nyumba ya zamani yenye uwanja | Uwanja wa taasisi |
|---|---|---|---|
| Muda | Kadiri ya mkataba, lakini mkihama mnahama na majengo | Mara nyingi mwaka mmoja mmoja | Kadiri ya mkuu aliyepo ofisini |
| Gharama ya kuanza | Kubwa | Ndogo, ila matengenezo hayaishi | Ndogo kuliko zote |
| Maji na vyoo | Mnaanza sifuri | Vipo | Mnatumia vya taasisi |
| Kivuli | Hakuna | Mara nyingi kipo, miti ni mikubwa | Inategemea |
| Saa na uhuru wa maonyesho | Mpana | Wa kati, majirani wako karibu | Mdogo |
| Udongo | Ulizeni palikuwa na nini | Hofu ni rangi za kuta | Umekanyagwa, umeshikana |

Jedwali linasaidia kuanza mazungumzo, lakini uzito wa kila kisanduku haulingani.

Makontena

Mfano wa karibu ni Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza 2008 katika eneo la viwanda vidogo. Studio nyingi pale ni makontena ya meli, na anayefika mara ya kwanza hugundua haraka kwamba uwanja uliopo katikati ya makontena una kazi kubwa sawa na studio zenyewe. Hapo ndipo jukwaa linapowekwa, watoto wanapofundishwa na watu wanapokutana. Kampala, watu wa kituo cha sanaa cha 32° East walianza 2011 Kansanga nao wakatumia makontena. Baadaye walipata kiwanja chao Kabalagala na kujenga kituo kwa matofali ya udongo uliochimbwa palepale kwenye eneo la ujenzi. Ninaipenda njia hiyo kwa sababu makontena yaliwapa miaka ya kujua wanahitaji nini kabla ya kumwaga zege.

Ubaya wake mkubwa ni joto. Kontena lililowekwa juani bila chochote juu yake halikaliki saa nane mchana mwezi wa Februari, na rangi ya akriliki inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye turubai. Feni haitoshi kwa sababu inazungusha hewa ileile ya moto. Dawa yake ni paa la pili, la mabati au makuti, lililoinuliwa nusu mita au zaidi juu ya kontena ili upepo upite katikati, pamoja na madirisha pande mbili zinazotazamana ili kusi na kaskazi vipate njia. Makuti yana ubaridi wa kweli, lakini kama miongoni mwenu kuna mchomeleaji wa vyuma, wekeni mabati. Cheche moja inatosha kuteketeza kazi ya mwaka mzima.

Jambo la pili ni upana. Kwa ndani kontena lina upana wa mita 2.35 hivi na urefu wa kwenda juu usiofika mita 2.4. Mchoraji akisimamisha turubai kubwa kwenye ukuta mrefu, hatua mbili tu za kurudi nyuma mgongo unagusa bati. Hawezi kuiona kazi yake kwa mbali bila kutoka nje. Kwa msusi, mshonaji au mtu wa kuchora kwa kompyuta halisumbui, ila kwa anayechora picha za ukubwa wa mtu ni kikwazo cha kila siku. Ndiyo maana nashauri msinunue kontena moja la futi 40. Nunueni mawili ya futi 20, muyaweke sambamba yakiachana kwa mita tano, kisha muezeke paa moja linalofunika yote mawili na ile nafasi ya katikati. Hapo mnapata studio mbili za kufunga na kufuli, na chumba cha tatu kisicho na kuta chenye kivuli na mwanga ambacho kila mtu atakigombania.

Kabla ya kukata dirisha, fundi achomelee kwanza fremu ya chuma. Kuta za mikunjo zinasaidia kulishikilia kontena, na ukizikata ovyo paa linabonyea. Sakafu nayo ni ya mbao ambazo mara nyingi zilitiwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za baharini. Ioshwe, ipigwe hewa siku nyingi, kisha ifunikwe kabla watoto hawajaanza kukaa chini.

Paa hilo la kontena mbili na nafasi ya katikati lina takriban mita za mraba 60, na hapa ndipo bustani inapoingia kwenye hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dar hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba yakibeba sehemu kubwa. Mkiondoa moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, paa hilo linawapa lita 48,000 kwa mwaka. Bustani ya mita za mraba 100 ikinyweshwa lita nne kwa kila mita hutumia lita 400 kwa siku. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati mvua ni haba, hiyo ni karibu lita 48,000. Kwa maneno mengine, maji ya paa ya mwaka mzima ndiyo yanayotosha kiangazi kimoja, na ili kuyahifadhi yote mngehitaji karibu matanki kumi ya lita 5,000. Tanki moja ni siku kumi na mbili tu.

Kwa hiyo msidanganyike na picha za tanki moja zuri chini ya gata. Nunueni mawili, kisha kiangazi kikianza punguzeni bustani hadi theluthi moja, mfunike matuta kwa matandazo ya nyasi kavu, na sehemu iliyobaki muipumzishe. Bustani inayopumzika mwezi wa Agosti si bustani iliyoshindwa. Wakulima wa mvua wamefanya hivyo siku zote.

Nyumba ya zamani

Upanga, Kinondoni na Msasani bado zina nyumba za ghorofa moja zenye uwanja mpana na miembe iliyopandwa na watu ambao hawapo tena. Nikiwa mkweli, moyo wangu uko hapa. Kivuli cha mwembe mkubwa ni darasa, ni jukwaa na ni sehemu ya kula, na hakuna kontena linaloweza kukinunua. Maji yapo, choo kipo, umeme upo. Mnaweza kufungua milango wiki inayofuata.

Lakini nyumba hizi zinakaa juu ya ardhi ambayo thamani yake inapanda kila mwaka, na mwenye nyumba anajua. Mzee akifariki warithi wako saba, watatu wanataka kuuza, na kikundi kinapewa notisi kikiwa kimemaliza tu kujenga matuta. Si ubaya wa mtu, ni hali ya soko. Hivyo nyumba ya zamani yenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja ni nzuri kwa sanaa na mbaya kwa bustani, isipokuwa bustani yenyewe iwe ya kuhamishika. Mkipata mwenye nyumba anayekubali miaka mitano kwa maandishi, wakili auandike na mkataba usajiliwe kunakohusika. Mkataba usiosajiliwa hautawasaidia sana siku mnunuzi mpya akifika getini.

Ulizeni pia jambo ambalo vikundi vingi hulisahau: mpangaji anayelipa pango la shughuli anatakiwa kukata kodi ya zuio, asilimia 10, na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kubalianeni mapema kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya makato, maana wenye nyumba wengi hutaja wanachotaka kukishika mkononi.

Kuhusu udongo, hofu ya nyumba za zamani ni rangi. Rangi za miaka ya nyuma mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, metali yenye sumu, na kila ukuta ulipokwanguliwa ili upakwe upya, unga ule ulianguka chini na kubaki hapo. Risasi haiozi. Msipande mchicha wala matembele kwenye ukanda unaogusa ukuta. Pandeni maua, au wekeni njia ya kokoto, na mboga za majani zisogezwe mita kadhaa kuelekea katikati ya uwanja.

Kwenye kiwanja cha makontena hofu ni nyingine: kama palikuwa gereji, kuna oili na maji ya betri ardhini. Na kama eneo liko bondeni, maji ya mafuriko yanaleta kila kitu kutoka juu. Mboga za Bonde la Msimbazi zimepimwa na watafiti zaidi ya mara moja na kukutwa na metali nzito. Pasipojulikana historia yake, limeni juu ya ardhi, kwenye makreti na magunia yaliyojazwa udongo mliouleta wenyewe.

Uwanja wa taasisi

Makumbusho, shule, chuo, ofisi ya serikali ya mtaa, kanisa au msikiti wenye eneo kubwa: wote hawa wanaweza kuwapa kona. Kuona Trust, taasisi ya sanaa ya Nairobi, ilianza hivyo, 1995, ndani ya eneo la Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Miaka hiyo ilitengeneza kizazi kizima cha wasanii wa Nairobi. Baadaye ilihamia GoDown, kituo kilichofunguliwa 2003 ndani ya maghala ya Industrial Area, kisha Hurlingham, na taasisi ilipoyumba, wasanii wenyewe walijipanga upya kama Kuona Artists Collective. Safari hiyo inaonyesha kwamba uwanja wa taasisi ni mahali pazuri pa kuanzia, ila kikundi kinachokua hufika siku kikahitaji mlango wake.

Faida yake hapa kwetu ni mlinzi, ukuta, maji na heshima. Mzazi anayesita kumpeleka mtoto wake kwenye kiwanja cha makontena hatasita kumpeleka shuleni. Hasara yake ni ruhusa. Onyesho la saa mbili usiku linahitaji barua. Mchoro wenye ukali wa kisiasa unahitaji mazungumzo, na wakati mwingine mazungumzo hayo yanaisha kwa mchoro kushushwa. Mkuu aliyewapenda anahamishwa, anakuja mwingine anayetaka eneo liwe maegesho. Shuleni kuna likizo ya Juni, mwanzo kabisa wa kiangazi, na bustani isiyo na mtu wa kuinywesha majuma manne haiwi bustani tena.

Mkienda njia hii, makubaliano yasiwe na mtu bali na bodi au kamati, yaandikwe, na funguo mbili za geti ziwe kwenu.

Bustani: ardhini au kwenye vyombo

Huko Berlin kuna mfano ninaoutaja kila ninapopata nafasi. Prinzessinnengarten, bustani ya pamoja, ilianza 2009 Moritzplatz, kwenye kiwanja kilichokaa kitupu kwa miongo mingi, na kwa kuwa waanzilishi hawakuwa na uhakika wa muda, walipanda kila kitu kwenye makreti ya mikate na magunia ya mchele. Siku ya kuondoka ilipofika, miaka kumi baadaye, bustani ilihamia kwenye eneo la makaburi ya zamani Neukölln. Hawakuanza upya kutoka sifuri.

Afrika Mashariki tuna utaalamu wetu wa aina hiyo. Kibera, baada ya machafuko ya uchaguzi ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, bustani za magunia zilienea sana: gunia la udongo na samadi, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, na miche ya sukuma wiki ikitoka kwenye matundu ya pembeni. Gunia moja la kilo 90 hubeba miche 30 hadi 40. Kwa mama mwenye watoto na mlango unaofungukia uchochoroni, hilo ni jambo kubwa.

Vyombo vinahitaji maji mara nyingi zaidi, kwa sababu vinakauka pande zote. Gunia la plastiki linaliwa na jua na kupasuka baada ya msimu kadhaa. Tuta la ardhini linasamehe, ukilisahau siku mbili litakungoja. Na ardhini udongo unaboreka mwaka hadi mwaka kwa mboji ile ile mnayotengeneza, wakati kwenye gunia mnaanza upya kila mara. Basi kanuni ninayoifuata ni hii: mkataba chini ya miaka mitatu, limeni kwenye vyombo, miaka mitatu na zaidi, ingieni ardhini.

Miti nayo ipimwe kwa mkataba. Mpapai huzaa kabla mwaka haujaisha au hapohapo, mgomba mwaka mmoja hivi, mwembe wa kupandikiza miaka mitatu hadi mitano, mnazi mrefu wa kienyeji sita au saba. Mchicha ni majuma matatu hadi manne tu, ndiyo maana kila bustani ya mjini huanza nao. Kikundi chenye mkataba wa miaka miwili kipande mapapai na migomba, kiache mwembe. Chenye miaka kumi kipande mwembe siku ya kwanza kabla ya kupaka rangi hata ukuta mmoja.

Kwa walio karibu na bahari, Mikocheni, Msasani, Mbezi Beach, maji ya kisima mara nyingi yana chumvi. Onjeni kabla ya kupanga. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo, lakini spinachi inavumilia vizuri na mchicha unajitahidi. Mkibadilishana, kisima wiki hii na maji ya mvua wiki ijayo, chumvi inasukumwa chini na mizizi inapumua.

Tuta la kila mtu au shamba la wote

Huu ndio uchaguzi unaoleta ugomvi, na si rangi ya jengo. Kuna mfumo wa kila jirani kupewa tuta lake na kuvuna chake, na kuna mfumo wa shamba moja linalolimwa kwa zamu na mavuno kwenda jikoni kwa wote.

Tuta la mtu linatunzwa. Mwenye tuta anakuja saa kumi na mbili asubuhi bila kukumbushwa, analeta mbegu za kwao, anamfundisha wa pembeni yake. Ila anayehama au kuchoka anaacha pori linalomwaga mbegu za magugu kwa wote, na kumnyang'anya ni vita. Shamba la wote linaunganisha zaidi, wasanii na majirani wanashika jembe moja, lakini bila mtu anayesimamia linageuka shamba la bibi: wengi wanavuna, wanaopalilia ni wale wale wawili, na mara nyingi hao wawili ni wanawake ambao tayari wana kazi nyingine tatu.

Nimekaa na mifumo yote miwili na ninapendelea mchanganyiko. Matuta ya ukubwa wa mita moja kwa mita nne yawe ya watu, kwa makubaliano ya miezi sita yanayoweza kuongezwa, na tuta lisiloguswa mwezi mzima linahamia kwa anayefuata kwenye orodha. Miti ya matunda, mboji na viungo vya chai, mchaichai, mnanaa, tangawizi, viwe vya wote. Na awepo mtu mmoja anayelipwa, hata kama ni nusu siku, kunywesha na kuweka mambo sawa. Kituo kinacholipa mlinzi kisichomlipa mtunza bustani kimeshasema kinathamini nini.

Sanaa na mboga kwenye uwanja mmoja

Watu hudhani vitu hivi viwili vinapatana vyenyewe. Vinapatana vikipangwa. Maji ya kuoshea brashi yasimwagwe kwenye matuta hata mara moja. Akriliki ni plastiki, rangi nyingine nyekundu na njano zina kadimiamu, metali yenye sumu, na tapentaini inaua kila kitu. Wekeni ndoo tatu nyuma ya studio: ya kwanza ya kuoshea, ya pili ya kusuuzia, ya tatu ya kutuliza. Mashapo yakitulia chini usiku kucha, maji ya juu yaende kwenye mfereji wa maji machafu, na tope likaushwe na kutupwa na taka. Matambara ya rangi ya mafuta yatandazwe nje yakauke, yasirundikwe, maana yanaweza kujiwasha moto yenyewe.

Maranda ya wachongaji ni mali, lakini si moja kwa moja. Yakitandazwa mabichi yanavuta naitrojeni kutoka kwenye udongo na mboga zinapauka. Changanyeni na samadi ya kuku, myaache miezi kadhaa, yatarudi yakiwa mboji nzuri. Vumbi la mpingo lenyewe liwekwe kando, linawasha ngozi na mapafu, na kituo cha uchongaji kikae upande ambao upepo unapeleka vumbi nje ya bustani na mbali na jiko.

Kwa upande mwingine bustani inailisha sanaa. Manjano, maganda ya vitunguu na majani ya mhina hutoa rangi za kutia vitambaa, majani ya migomba hutengeneza karatasi. Darasa la Jumamosi ambalo mtoto anavuna, anachemsha na kutia rangi kitambaa chake mwenyewe halihitaji mfadhili wa kununua vifaa.

Usajili na fedha

Hapa nitapita haraka, mwanasheria atawaeleza vizuri zaidi. NGO, chini ya Sheria Na. 24 ya 2002, ndiyo inayoeleweka na wafadhili, ila inadai taarifa na hesabu za kila mwaka. Ushirika, chini ya Sheria Na. 6 ya 2013, unafaa kama lengo ni wanachama kuuza kazi zao na kugawana mapato. Wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay wamekaa kwenye ushirika wao tangu 1990, na huo ni umri ambao taasisi nyingi za wafadhili hazikuufikia. Kampuni ni nyepesi kufungua BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lakini majirani wanaojitolea kulima huuliza, kwa haki, jasho lao linamtajirisha nani. Kwa kikundi chenye bustani ya majirani mimi ningechagua NGO yenye majirani wawili au watatu kwenye bodi. Usajili wa BASATA unahitajika njia yoyote mtakayochukua, maana ndilo baraza linalosimamia shughuli za sanaa kwa sheria ya 1984.

Kuhusu fedha, linganisheni vyanzo kwa swali moja: kikikauka, taa zinazimika? Mwaka 2021 Denmark, iliyokuwa ikiunga mkono sanaa nchini kwa miaka mingi, ilitangaza kuufunga ubalozi wake wa Dar ifikapo 2024, kisha ikabadili uamuzi. Hakuna msanii aliyefanya kosa, ilikuwa siasa ya nchi nyingine, na bado ingeweza kuwaacha watu nje. Kwa hiyo pango, umeme, maji, mlinzi na mtunza bustani vilipwe na michango ya studio, ukodishaji wa ukumbi na jiko. Ruzuku iende kwenye warsha, wageni wanaokuja kufanya kazi kwa muda, na vifaa. Ikiondoka, mnapunguza warsha, lakini geti linabaki wazi.

Ningewashauri vipi

Mkiwa chini ya watu kumi na hamna akiba, anzeni uwanja wa taasisi, na magunia, kwa miaka miwili. Mkiwa na ruzuku moja kubwa ya kuanzia na kiwanja cha miaka mitano au zaidi, chukueni makontena na mpande miembe mara moja. Nyumba ya zamani ichukueni pale tu mwenye nyumba na familia yake wanapokaa nanyi mezani, wote, na kusaini.

Katika mkataba wa njia yoyote kati ya hizi, hakikisheni vifungu vinne vimeandikwa: notisi isiyopungua miezi sita, haki ya kuondoka na kila kilichoshushwa kwa kreni au kilichopandwa kwenye chombo, wajibu wa mnunuzi mpya kuheshimu muda uliobaki, na fidia ya miti ya kudumu kwa umri wake. Cha nne ndicho wenye viwanja hukikataa kwanza. Jibu lao ni kwamba miti haikuombwa. Waambieni kabla ya kusaini mnataka kupanda ipi, mahali gani na mingapi, mchore ramani, na ramani hiyo iwe kiambatisho chenye sahihi za pande zote mbili.